Tupeane uzoefu: siku uliyoitambua sayari kwa mara ya kwanza

Mtoto wa Makulu: Juzi umeme ulikatika, mwanangu akaniuliza mbona nyota ile ya magharibi haipepesi kama wenzake. Nikamkumbuka marehemu babu, alikuwa akienda shamba kwa nyota ya alfajiri. Miaka yote sikujua ni sayari. Nyie ilikuwaje?

Kasuku77: Hiyo ni Zuhura. Kuna miezi ya jioni na miezi ya alfajiri. Mimi nishaiona hata saa sita usiku, hapa hapa Tanga.

Fundi Redio: Saa sita? Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47, saa nne hivi Tanga imeshazama. Uliona Mshtarii.

Kasuku77: Macho ni yangu mkuu.

Nguzo Tatu: Desemba 2020 sitaisahau. Tarehe 21 Mshtarii na Zohali walikaribiana mpaka ukinyoosha kidole unawafunika wote. Nilikuwa na darubini ya kuazima, ile ya macho mawili. Tatizo saa moja na nusu wako chini, mwembe wa jirani umewaziba. Nikapanda juu ya mnara wa simtanki. Nimewapata, pembeni ya Mshtarii kuna vidoa, ile miezi aliyoiona Galileo 1610, mwili unasisimka! Nasikia "mwiziii!" Kumbe chini ya mwembe ndipo lilipo bafu la jirani, la mabati, halina paa, na mkewe yumo. Watu wamejaa, mmoja ana mchi. Nikagoma kushuka mpaka aje mjumbe. Mjumbe akaja, akaomba darubini, akatazama weee, akasema "naona taa mbili tu". Niliponea hapo, ila kreti ya soda nililipa.

Mama Twins: 😂😂😂 Mchi!

Dereva wa Usiku: Mke wa mtu ni sumu, hata kwa darubini.

Fundi Redio: Turudi kwenye mada. Anayeanza asinunue darubini za bei rahisi zenye miguu mitatu, zinatikisika ukipumua. Chukua ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi kwa milimita), egemea ukuta. Pete za Zohali hutaziona, lakini Zuhura ikiwa hilali utaiona.

Mama Twins: Mimi nasema usinunue chochote. Isiyopepesa ni sayari, basi.

Dereva wa Usiku: Sio kila mara. Ikiwa chini kabisa nayo inapepesa. Niliwaambia abiria ile ni ndege inakuja, tukaisubiri nusu saa.

Bi Mkubwa Pemba: Anayewinda Utaridi, ile sayari isiyobanduka karibu na jua, asubiri jua lizame lote kabla ya kushika darubini. Macho hayana spea.

Kasuku77: Na zile taa zinazopita angani kwa mstari kama treni je? Kwetu watu walitubu.

Fundi Redio: Setilaiti hizo. Nazo ulizipa jina Zuhura?

Mtoto wa Makulu: Nguzo Tatu, hukumalizia. Mnarani ulikaa dakika ngapi kabla ya kelele?