Gumzo la kikundi: Ukoo wa Bi Mwanahawa, Zuhura na gari lenye kitanda

*Ijumaa 11 Machi 2022*

[20:04] Zuhura: Asalam aleykum familia, shikamooni wakubwa wote. Tumeamka salama huku Utah, tunaendelea kupanda juu kurudi Canada inshallah Jumapili tunavuka mpaka. Habari ya joto la Dar

[20:06] Mama Zuhura: Marahaba mwanangu. Joto usiseme na Luku imekata saa hii. Kwani huko saa ngapi

[20:06] Zuhura: Saa nne asubuhi mama, tofauti saa kumi

[20:09] Babu mdogo Omari: Marahaba. Sasa mjukuu mimi swali langu toka mwezi uliopita hakuna aliyenijibu, hilo gari mnalala humo mnapika humo, choo je??

[20:10] Hemedi: 😂😂😂 babu jamani

[20:11] Zuhura: Babu kipo nitakupigia picha. Ila kuna kitu nataka niwaulize maana mume wangu na mimi tunabishana hapa. Kurudi Canada lazima uwe na kipimo cha UVIKO, nimejipima asubuhi na kale kakiti ka nyumbani, mstari mmoja, wote hatuna. Yeye anasema hakatoshi

[20:13] Rehema Sinza: Hakatoshi kweli da Zuhu, nilisoma juzi. Toka tarehe 28 Februari wameruhusu kipimo cha haraka lakini lazima kichukuliwe na maabara au famasi au mhudumu anayetambulika, sio wewe umekaa kitandani unajichokonoa pua

[20:14] Mama Zuhura: Astaghfirullah sasa mtalala mpakani na watoto na hiyo baridi?? Mbona mlipokwenda hamkupimwa

[20:16] Zuhura: Kwenda Marekani kwa gari walitaka kadi ya chanjo tu mama, kipimo hawakuuliza kabisa. Ungekwenda kwa ndege ndo lazima upime. Usiniulize kwa nini, kirusi nadhani kinaogopa barabara

[20:17] Hemedi: Kirusi kina pasi ya kusafiria ya ndege tu

[20:19] Zuhura: Na tulichelewa kutoka kwa sababu ya wale madereva wa malori waliofunga barabara pale Coutts, mpakani upande wa Canada, toka mwisho wa Januari, wanagomea kulazimishwa chanjo, hadi katikati ya Februari ndo wakaondoka

[20:25] Anko Shabani: Wanangu nilikuwa naswali. Haya nimesoma yote. Zuhura nisikilize mimi nimekula mipaka miaka 26, Tunduma Namanga Rusumo kote nimelala. Hapo unapotaka kupima ni wapi na mpaka upo wapi

[20:27] Zuhura: Shikamoo anko. Tuko juu ya Salt Lake City. Mpaka ni kama kilomita 1,000 mbele. Nilitaka nipime hapahapa leo ile PCR, kipimo kikubwa cha maabara, inakubalika masaa 72, niondoe presha

[20:31] Anko Shabani: Marahaba. USIPIME HAPO. Karatasi ya kipimo ina umri kama mkate, inaanza kuoza saa ile wanakutia kijiti puani, sio saa unapewa majibu. Majibu ya hiyo kubwa yanakuja lini?

[20:32] Zuhura: Wanasema siku moja mpaka mbili, wikiendi zaidi

[20:36] Anko Shabani: Unaona. Siku mbili zimeliwa na maabara, umebaki na moja, na hiyo moja unaendesha nyumba ya matairi inayokwenda kama lori la simenti. Na mbele yako kuna mlima au hakuna

[20:37] Zuhura: Upo, Monida, pale unatoka Idaho unaingia Montana. Kuna theluji

[20:41] Anko Shabani: Basi huo ndio Kitonga yako. Mtu akiwa na Kitonga mbele hakati karatasi Morogoro. Pita mlima kwanza, lala, ukishabakiza barabara ya kueleweka ndo upime hicho cha haraka. Sisi Mei 2020 wenzangu walikuwa wanapima wanaondoka na majibu yao mkononi, wanafika mpakani wanaambiwa pimeni tena, upande ule wanasema huyu anao, upande huu wanampima wanasema hana, dereva kakaa katikati na shehena ya vitunguu inaoza. Mpaka Uhuru Kenyatta wa Kenya akafunga mpaka na sisi tarehe 16 mwezi ule, ikabaki mizigo tu na dereva lazima awe na cheti. Mimi nililala siku nne chini ya tela nangoja majibu, sikuwa na choo cha kwenye picha

[20:42] Babu mdogo Omari: Nilisema choo ni jambo muhimu

[20:44] Hemedi: Na Januari hii hii Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda, si ilikuwa vilevile, Uganda wanataka dola 30 kwa kichwa, madereva wakagoma, foleni makumi ya kilomita hadi serikali yao ikasema basi tutawapima bure

[20:47] Mama Zuhura: Na wasipokuwa na karatasi wanarudishwa?

[20:50] Rehema Sinza: Mamkubwa wao ni raia hawarudishwi, ila faini inaweza kufika dola 5,000 za Canada, kama milioni tisa zetu. Mgeni ndo anageuzwa

[20:51] Mama Zuhura: Milioni tisa!! Zuhura msikilize anko wako. Na mjifukize mapema

[20:53] Zuhura: Mama nyungu ndani ya gari hili itatuunguza wote 😂 Haya anko nimekuelewa, leo tunavuka mlima tunalala Butte, kesho Great Falls tunapima famasi, Jumapili asubuhi tunamalizia kilomita kama 190 hadi Sweetgrass pale mpakani. Kipimo cha haraka wanataka kisizidi siku moja kabla ya kufika

[20:54] Anko Shabani: Hapo sasa umeongea kidereva

*Jumamosi 12 Machi*

[22:31] Zuhura: Tumepima jamani!! Wote hatuna, alhamdulilahi. Mdogo hakupimwa, chini ya miaka mitano hawadai. Huyu wa miaka saba alilia famasi nzima ikageuka. Picha za majibu hizi hapa, nimeziba namba

[22:38] Rehema Sinza: Da Zuhu subiri. Yako ina jina, tarehe ya kuzaliwa, siku na saa waliyochukua, aina ya kipimo, sawa. Ya mtoto mbona haina tarehe ya kuzaliwa?

[22:40] Zuhura: Mungu wangu

[22:40] Zuhura: Kweli haina

[22:41] Anko Shabani: Mmeshaondoka hapo? GEUZENI

[22:43] Zuhura: Tuko kwenye maegesho bado, kugeuza hili dude tu ni robo saa. Mume wangu anakimbia kwa miguu

[22:45] Mama Zuhura: Ya Rabi ya Rabi

[23:02] Zuhura: Wamechapa upya. Dada wa pale akasema pole mashine haikujaza. Rehema ningekuwa karibu ningekununulia chipsi mayai

[23:03] Rehema Sinza: Kuku ongeza. Na ArriveCAN, ile fomu ya mtandaoni ya kuingia Canada, umejaza? Ndani ya masaa 72 kabla ya kufika, na vyeti vya chanjo humohumo

[23:05] Zuhura: Nimejaza jana, imenipa risiti, nimeichapa na karatasi kabisa maana mpakani intaneti siiamini

[23:06] Anko Shabani: Karatasi mkononi. Simu inazima, karatasi haizimi

*Jumapili 13 Machi*

[19:40] Mama Zuhura: Zuhura mko wapi. Ulisema mnaondoka saa tatu asubuhi nimehesabu saa kumi mbona bado kimya

[19:44] Hemedi: Mamkubwa usiku wa kuamkia leo Marekani wamesogeza saa mbele, tofauti sasa ni tisa

[19:45] Mama Zuhura: Wanasogezaje saa, kwani ni kochi

[20:52] Zuhura: TUMEVUKA 🙌🏾🙌🏾 Foleni magari sita tu. Afisa kauliza tumetoka wapi, kaangalia risiti, kaangalia majibu, ya mtoto ndo kaishika muda mrefu kuliko zote wallahi nilitetemeka, kisha akatuambia tumeangukia bahati nasibu, tukapewa vifaa vya kujipima tena nyumbani ila karantini hakuna

[20:53] Mama Zuhura: Alhamdulilah. Sasa nitalala

[20:55] Anko Shabani: Hongereni. Mwambie shemeji nampa leseni ya tela

[20:56] Rehema Sinza: Yaani wanawapima tena wakati mmetoka kupimwa jana

[20:58] Anko Shabani: Mpaka ni mpaka mwanangu

*Ijumaa 18 Machi*

[13:20] Hemedi: Da Zuhu usisome hii ukiwa umesimama. Jana Canada wametangaza kuanzia Aprili mosi waliochanja kikamilifu hawahitaji kipimo tena kuingia, ndege, gari, vyote

[18:12] Zuhura: Nimeisoma kazini. Wiki mbili na nusu jamani!! Na hela ya famasi, na mume wangu alivyokimbia kwenye barafu

[18:15] Mama Zuhura: Acha tu, hapo ungekuja kufunga Ramadhani barabarani. Bora mko nyumbani

[18:21] Babu mdogo Omari: Mjukuu pole na hongera. Ile picha ya choo sijaipata