MJADALA: Kukwepa kombora kwenye simuleta ni ujuzi au ni kasoro ya programu?

Mwewe_Mkia
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Kila seva ya DCS, simuleta ya ndege za kivita, ninayoingia siku hizi hakosi mtu wa kulia kwamba makombora "yameharibiwa", kisa AIM-120 yake, kombora la rada la ndege kwa ndege, imekwepwa. Msimamo wangu ni kwamba hiyo ni fizikia. Injini ya kombora huwaka sekunde chache tu, kisha linakwenda kwa kasi iliyobaki. Kule mita 12,000 hewa ina uzito wa kama robo tu ya hewa ya usawa wa bahari. Ukiligeuzia mkia mapema na kushuka, unalivuta hadi kwenye hewa nzito, na nguvu zinaliishia njiani. Aliyelirusha kutoka mbali vile amelitupa. Sasa kwa nini watu wanataka simuleta iwabebe?

Kipanga88
Kukimbia nakubali, sina ugomvi nako. Kinachonikera ni nochi, ile mbinu ya kujipotezea rada kwa kuipa ubavu. Mtu anaweka ndege ubavu, nyuzi 90 na kombora, anamwaga foili kidogo za kudanganya rada, kombora linapofuka. Nadharia naijua: rada ya Doppler, inayotofautisha vitu kwa kasi yao, huchuja kila kitu chenye kasi sawa na ya ardhi iliyo nyuma yake, na ukiipitia ubavu unafanana na ardhi. Lakini kombora likikutazama kutoka chini, nyuma yako kuna anga tupu. Sasa linachuja nini? Nimeona watu wakipona hivyo hivyo mara nyingi, na mimi naita hiyo kasoro ya programu, siyo ujuzi.

Na wengi wao ni watu wa kipanya waliotoka kwenye gemu ya War Thunder, wamehamia huku na tabia yao ya kujificha chini ya miti.

BintiRada
Kipanga, uliongea la maana hadi mstari wa mwisho. Mimi ni mtu wa kipanya. Mkono wangu wa kulia hauwezi kushika joystiki muda mrefu, kwa hiyo kipanya ndicho nilicho nacho, na kwa kipanya hicho hicho nakwepa makombora ambayo wenye joystiki wenzako wanayala kifuani.

Na kuruka chini siyo kujificha. Mawimbi ya rada yanarudi kwa njia mbili, moja kwa moja kutoka kwenye ndege na mengine baada ya kugonga ardhi au maji. Kombora linaona ndege na kivuli chake chini yake, linayumba kati ya viwili hivyo. Jambo hilo lipo kwenye rada za kweli. Mnaweza kubishana kama gemu imelizidisha, lakini msiseme limebuniwa.

Kipanga88
Dada, habari za mkono wako nimezisoma sasa hivi, sikukulenga wewe. Ila hoja iko pale pale. Kwa kipanya kule War Thunder unaelekeza kiduara, programu inakurushia ndege: usukani wa mkia, mbawa, kila kitu. Mwenye joystiki anafanya yote hayo mwenyewe huku kengele ya rada inamlilia masikioni. Hatuwezi kuita vyote viwili "ujuzi".

Mzee_wa_Kona
Vijana, mimi niko kwenye haya mambo tangu simuleta ya Falcon 4.0 ya 1998, na ubishi wa kipanya haukuanza leo. Rudini kwenye hesabu. Kombora linakwenda Mach 3, yaani mara tatu ya kasi ya sauti, wewe Mach 0.9. Ili lipinde kwenye duara sawa na lako linahitaji G (nguvu ya kukata kona, ikipimwa kwa uzito wa kawaida) zaidi ya mara kumi ya zako. Vuta G 8 na halikupati, uwe na joystiki au kipanya. Kwenye vita vya Vietnam marubani wa Marekani walifanya hivyo dhidi ya S-75, kombora la Kisovieti la kutoka ardhini: unasubiri ulione kwa macho, unazamisha pua, linakufuata chini, halafu unavuta juu kwa nguvu zote. Lile dude refu kama nguzo ya simu likapita.

FundiHesabu
Mzee wangu, shikamoo. Hesabu ya duara ni sahihi, ila kombora halifuati duara lako. Linalenga pale utakapokuwa. Kaa kwenye kiti cha rubani ulitazame: kombora linalokuja kukupiga halisogei kwenye kioo. Limeganda pale pale, linazidi kukua tu. Likianza kuteleza kwenda nyuma ya kioo, hapo una matumaini.

Kwa uelekezaji wa namna hiyo, makadirio ya kawaida ni kwamba linahitaji G kama mara tatu za mlengwa. Wewe ukivuta 9, lenyewe linataka 27 hivi, na mengi ya kisasa yanafika 30 na zaidi maadamu yana kasi. S-75 iliingia kazini miaka ya 1950 na iliongozwa kwa amri kutoka ardhini. Ukimpeleka mtu na mbinu hiyo mbele ya kombora la leo ambalo bado lina kasi, umemuua.

Mzee_wa_Kona
Marahaba. Lakini "umemuua" ni neno kubwa. Na Baghdad, vita vya Ghuba, je? Yule rubani Mmarekani wa ndege ya kivita ya F-16 aliyekwepa makombora mangapi sijui, manne, matano? Video ipo.

Mwewe_Mkia
Sita, Mzee. Tarehe 19 Januari 1991. Unamsikia anavyohema kwenye redio, pumzi inakatika kila anapovuta. Yale nayo yalitoka ardhini, na siku ile ile F-16 mbili za msafara huo ziliangushwa. Kwa hiyo haithibitishi kwamba kukwepa ni rahisi. Inathibitisha kwamba kunawezekana, na ndiyo hoja yangu toka juu.

Kipanga88
Na hakuwa na kipanya.

BintiRada
Hilo ndilo ulilolipata kwenye video ile? Mtu anapigania uhai wake, wewe unaangalia ameshika nini?

Sikiliza. Rubani wa kweli anasikia G mwilini, anageuza shingo kutafuta moshi. Joystiki yako ya mezani haikupi hata kimoja. Mimi na wewe sote tunatazama kioo bapa. Kinachobaki ni kujua ugeuke lini: mapema mno, kombora linajirekebisha taratibu bila kupoteza kasi, ukichelewa, limefika. Uamuzi huo hakuna programu inayonifanyia.

FundiHesabu
Hapo dada kagusa penyewe. Kipanga, lile swali lako la nochi ya kutazamwa kutoka chini bado ni zuri kuliko yote humu, na umelizika mwenyewe. Weka rekodi ya Tacview, ile programu ya kurudia na kuchambua mapambano, tuone pembe na mwinuko wa kila mmoja wakati kombora linapotea.

Kipanga88
Rekodi nitaweka. Kwanza nimalizane na huyu. BintiRada, njoo War Thunder, mmoja kwa mmoja, makombora ya rada tu, rekodi ya mechi iwekwe hapa. Sharti: hakuna kushuka chini ya mita 300.

BintiRada
Nakuja. Sharti silikubali. Unataka kunipima ujuzi wa kukwepa halafu unaninyang'anya ardhi?

Mzee_wa_Kona
Mpeni mita 150.

BintiRada
Mzee, hata moja.