Shule zimefunguliwa. Na wali wa unyago tuwaweke ndani?

Ndugu zangu wa Mtwara, tubishane kwa adabu. Mwaka huu wa 2020 shule zilifungwa 17 Machi kwa ajili ya korona, vyuo na kidato cha sita wakarudi 1 Juni, na tangu 29 Juni watoto wote wako darasani. Misikiti na makanisa serikali haikuyafunga hata siku moja. Chanjo ya korona bado iko kwenye majaribio. Sasa huku Mikindani mashangazi wanauliza: unyago, ngoma ya kuwafunda wasichana, uchezwe au uahirishwe?

Mimi nasema uchezwe. Kinachonitisha si uwanja wa ngoma, ni chumba wanamofungiwa wali, wale wasichana wanaofundwa. Mwaka juzi nilimpeleka binti yangu: wali saba chumba kimoja, dirisha limezibwa kanga wasichunguliwe, na kila jioni makungwi, wanawake wanaowafunda, wanaingia, huyu katoka Naliendele, yule Nanguruwe, wanaimba mpaka jasho linadondoka sakafuni. Ugonjwa huu unaenea kwa pumzi, na pale ndani pumzi haina pa kutokea. Uwanjani kuna upepo wa bahari. Basi siku za ndani zipunguzwe, wali wawe wawili watatu, na mafunzo yatolewe uani.

— Dada, uwanja umeusafisha haraka mno. Sinia moja la pilau watu sita, hilo nalo lina upepo wa bahari? Mimi napiga debe stendi, naona wageni wenu wanavyoshuka kutoka Dar, barakoa iko kidevuni. Subirini Desemba, hela ya korosho itakuwa imeingia, mtacheza mpaka mchoke.

— Sahani kila mtu na yake, nakubali. Lakini Desemba chanjo itakuwa imefika Mikindani? Nani kakuahidi?

— Wajukuu, mimi ndiye nyakanga, mkuu wa makungwi, mnayenijadili. Mnaogopa nisife, ahsanteni, ila hakuna aliyekuja kuniuliza. Darasani wanabanana watatu dawati moja na hamkusema kitu. Kwangu ndiyo mnapima hewa?

— Shikamoo bibi. Hapo umenikamata, maana wangu naye anakaa dawati la watatu na nimenyamaza. Ila dirisha la darasa liko wazi, bibi, na mwalimu wake ana miaka thelathini. Ninayemwogopea ni wewe. Niruhusu nije niitoe ile kanga.

— Marahaba. Njoo uitoe. Wavulana wakija kuchungulia, utawafukuza wewe.