Ushauri: Tudai fungu la mbuta kwa kigezo gani, nasi tuna asilimia 6 tu ya ziwa?

Katibu wa Ufuo (Kisumu)

Ndugu wanajukwaa, hamjambo.

Mimi ni katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia ufuo) moja upande wa Kisumu. Wenzangu wamenikabidhi kazi ya kuandika waraka wa maoni utakaosomwa mbele ya wawakilishi wa fuo na maafisa wa uvuvi. Swali tuliloulizwa ni hili: iwapo nchi tatu zenye Ziwa Victoria zitakubaliana kuweka kikomo cha mbuta (sangara) wanaovuliwa kwa mwaka na kugawana kikomo hicho, Kenya idai fungu lake kwa msingi gani?

Kwenye ramani hali yetu ni ngumu. Tanzania ina takribani asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43, nasi tumebaki na 6. Mgao ukifuata ukubwa wa maji pekee, boti nyingi za kaunti zetu tano zitakosa kazi, kwa sababu kwa miaka mingi wavuvi wa Homa Bay, Migori na Busia wamekuwa wakifuata mbuta hadi maji makuu, ng'ambo ya mpaka, na kuja kuwashusha nyumbani. Wazee wa kwetu wanasema tudai kwa historia, maana baba zao walivua huko kabla mpaka haujawa na askari. Vijana wanasema tuhesabu watu wanaokula kupitia ziwa. Wenye boti nao wanasema tusikubali mgao wa aina yoyote, kwa kuwa ukishatia sahihi umejifunga.

Ninaomba ushauri wa dhati kuhusu mambo mawili: kigezo kipi kina nguvu mezani, na je, kikomo cha tani kinaweza kusimamiwa kweli katika ziwa kama hili letu?

Afisa Mstaafu (Siaya)

Katibu, nakupongeza kwa kuuliza kabla ya kuandika. Nitaanza na swali lako la pili kwa sababu ndilo linaloamua la kwanza.

Usimamizi wa ziwa hili umeegemea zana na ukubwa wa samaki kuliko tani. Mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa sahihi hapa hapa Kisumu mwaka 1994, makao yakawekwa Jinja, na miongoni mwa makubaliano yaliyotokana na ushirikiano huo ni ile kanuni unayoijua ya kuvua mbuta wa sentimita 50 hadi 85. Mdogo aachwe akue, na mkubwa aachwe kwa sababu jike mkubwa hubeba mamilioni ya mayai. Kanuni hiyo inaweza kukaguliwa kwa rula ufuoni. Tani zinahitaji mizani, karani na daftari katika kila mahali boti inapotia nanga, na katika ziwa hili mahali hapo ni zaidi ya 1,000, na wavuvi ni zaidi ya 200,000.

Kuna watakaowaambia kwamba jibu ni kuhesabu kwenye malango ya viwanda vya minofu. Msikubali haraka. Kiwanda hupokea mbuta wa kipimo. Yule mchanga wa sentimita 30, ambaye ndiye tunayemlilia, hafiki kiwandani. Hukaangwa sokoni au huvushwa mpaka akiwa mkavu. Kikomo kinachohesabiwa kiwandani kitaonyesha mafanikio kwenye karatasi huku samaki wachanga wakiendelea kumalizwa.

Na mkumbuke pia historia ya ngege, tilapia wa asili wa ziwa hili. Mwaka 1927 na 1928 Michael Graham alichunguza uvuvi wa ziwa hili, akapendekeza macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Sharti hilo likawa sheria. Katika miaka ya 1950 Uganda na Tanganyika zikaliondoa, na Kenya ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nani angeendelea kuwazuia watu wake ilhali jirani anavua samaki wale wale kwa wavu wa macho madogo? Ngege wa asili leo ni nadra, na wengi tunaowaona sokoni ni wa jamii iliyoletwa kutoka kwingine. Kwa hiyo, waraka wowote mtakaoandika useme wazi kwamba sharti likilegezwa upande mmoja, limekufa pande zote tatu.

Mwana wa Pwani (Mombasa)

Salamu kutoka Bahari ya Hindi. Swali lako la kigezo linatusumbua huku pia, na pengine uzoefu wetu utakufaa.

Kenya ni mwanachama wa Tume ya Tuna ya Bahari ya Hindi, yenye makao Victoria, Shelisheli. Mazungumzo rasmi kuhusu vigezo vya kugawana tuna yalianza mwaka 2011 na yamepita miaka 10 bila kufika mwisho. Kiini cha mvutano ni rekodi ya zamani. Meli ya taifa la mbali ikiwa ilivua tuna ndani ya maji ya nchi ya pwani, je, samaki hao waandikwe kwa jina la nchi yenye meli au nchi yenye maji? Mataifa yenye meli yanasema historia ni ya aliyevua. Nchi za pwani zinasema historia ni ya mwenye maji, kwa kuwa aliyevua alikuwa mgeni aliyepewa ruhusa.

Sasa angalia, Katibu, wapi ulipo. Katika bahari, Kenya husimama na hoja ya mwenye maji. Katika ziwa, wazee wako wanataka Kenya isimame na hoja ya mwenye boti. Wajumbe wa Uganda na Tanzania si wageni wa mambo haya. Tanzania inakaa nasi meza moja katika tume hiyo. Mkidai kwa historia ya kuvua ng'ambo, watawauliza mbona baharini mnasema kinyume, na hamtakuwa na jibu litakalowatosheleza.

Mwanafunzi wa Uchumi (Maseno)

Ninaongezea mifano ya nje, huenda ikakufaa.

Norway na Urusi zimekuwa zikisimamia pamoja chewa (cod) wa Bahari ya Barents tangu miaka ya 1970, na baada ya kutoa sehemu ya nchi nyingine, mgawo wao wa chewa ni nusu kwa nusu. Hawakupima kila mwaka nani ana maji mengi. Walikubaliana kiasi rahisi, wakaelekeza nguvu zao kwenye kukadiria idadi ya samaki. Wamepita nyakati mbaya sana za siasa na mpango huo haukuvunjika.

Umoja wa Ulaya uliweka mafungu yake mwaka 1983 kwa kuchanganya mambo matatu: rekodi ya uvuvi wa nyuma, maeneo yanayotegemea uvuvi kwa namna ya pekee, na hasara ya waliofungiwa maji waliyokuwa wakivua. Hilo la pili linawafaa vijana wako, na la tatu linawafaa wazee wako kuliko historia tupu.

Mfano wa hatari ni vibua (mackerel) wa Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki. Samaki hao walipoanza kusogea kuelekea Iceland na Visiwa vya Faroe, kila nchi ilijitangazia fungu lake, na jumla ya mafungu ikawa inazidi kiasi kilichoshauriwa na wanasayansi. Kila mmoja alikuwa na hoja nzuri, na ukizisoma moja moja utazikubali zote. Samaki hawakuongezeka kwa sababu hiyo.

Kuhusu tani kushindikana, kuna nchi 8 za visiwa vya Pasifiki, zikiwemo Kiribati, Tuvalu na Papua New Guinea, ambazo tangu 2007 zinagawana siku za meli za kuvua tuna. Meli hununua siku. Kuhesabu siku ni rahisi kuliko kupima uzito wa kila shehena.

Mchuuzi wa Omena (Usenge)

Ndugu zangu, nimesoma yote kwa makini na ninashukuru. Ila ninaona mnazungumza juu ya wenye boti na serikali, na sisi tunaonunua ufuoni hatumo.

Tunaujua ugumu wa kufunga. Omena (dagaa) upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, na miezi hiyo ndiyo ya ada za shule na ya palizi. Mwenye boti ana njia ya kugeukia mbuta au kutengeneza nyavu zake. Mama anayeanika omena na kuuza kwa gorogoro hana samaki wa kugeukia, na mkopo wa chama haufungwi Aprili. Sisemi kufunga ni kubaya. Ufunguzi wa Agosti unapokuja baada ya watu kutii, omena huwa wanono na bei huwa ya haki kwa kila mtu. Linalotuumiza ni kufunga upande huu huku malori yakileta omena wa ng'ambo ya mpaka mwezi huo huo. Tunakuwa tumefunga njaa peke yetu.

Kwa hiyo, Katibu, andika kwamba kupunguza kokote kuanze siku moja katika nchi zote tatu. Na uandike pia fungu la Kenya likipatikana litagawanywa vipi ndani ya kaunti. Nina hofu kwamba leseni zitaishia kwa matajiri wenye boti nyingi, na mvuvi wa mtumbwi mmoja aambiwe fungu limeisha.

Jirani wa Mwanza

Mimi ni Mtanzania, ninafanya biashara ya samaki, na ninaomba niseme kwa heshima jinsi madai yenu yatakavyosikika kwetu.

Mkija na hoja ya idadi ya watu, sisi pia tuna watu, na Uganda vilevile. Mkija na historia ya kuvua ng'ambo, mvuvi wa kisiwa chetu cha Ukerewe atasikia kwamba mnataka kuhalalishiwa kile anachokilalamikia. Lakini kuna hoja moja ambayo mimi mwenyewe siwezi kuipinga. Ghuba ya Winam ina maji ya kina kifupi, na mito ya Nyando, Sondu na mingineyo inamwaga huko. Maji kama hayo ni malezi ya samaki wachanga, na mpaka hauwazuii wakishakua. Mkisema, "Sisi tutafunga maeneo haya ya mazalia, tutakamata makokoro (nyavu za kukokotwa hadi ufuoni), na tunadai malipo ya kazi hiyo ndani ya fungu letu," mtakuwa mmeleta kitu mezani. Nchi yenye maji machache inasikilizwa ikija na kitu ambacho wenye maji mengi wanakihitaji.

Katibu wa Ufuo (Kisumu)

Nawashukuru nyote, na hasa Jirani wa Mwanza kwa kusema bila kuficha. Nimebadilisha mpango wa waraka. Hoja ya kwanza itakuwa mazalia ya ghuba na mito, ya pili utegemezi wa kaunti zetu, na ya tatu kipindi cha mpito kwa wavuvi ambao tayari wanavua maji makuu, kwa leseni ya pande mbili badala ya kukamatwa na kunyang'anywa injini. Badala ya tani tutapendekeza siku za boti, pamoja na kanuni ya sentimita 50 hadi 85. Kuhusu aliyoyasema Mama wa Usenge, nimeweka sharti la siku moja kwa nchi zote, na kwamba mtu mmoja asishikilie zaidi ya idadi ya leseni itakayokubaliwa na mkutano wa ufuo.

Nina swali moja lililobaki. Daftari letu la bandani lina tarehe, nambari ya boti, aina ya zana, aina ya samaki, kilo na bei. Je, linatosha kuwa ushahidi?

Afisa Mstaafu (Siaya)

Halitoshi. Halisemi samaki alivuliwa wapi. Kilo 40 za mbuta zilizoshushwa kwenu zinaonekana ni za Kenya hata kama zimetoka mbali ng'ambo, na mpinzani wenu akiligundua hilo atalikataa daftari zima. Ongezeni safu ya eneo la kuvua. Nahodha anayajua maeneo kwa majina; yaandikeni kwa majina hayo, kisha maafisa wawasaidie kuyaweka kwenye ramani. Ongezeni pia saa ya kutoka na kurudi na nguvu ya injini, kwa sababu siku ya boti yenye injini kubwa na ndoano elfu si sawa na siku ya mtumbwi wa tanga. Mkigawana siku bila kuandika hayo, watu watanunua injini kubwa na uvuvi utapanda ilhali hesabu ya siku haijabadilika.

Na urefu pia. Pimeni hata samaki wachache katika kila boti. Kanada ilifunga uvuvi wa chewa wa Newfoundland mwaka 1992, na kabla ya hapo meli kubwa zilikuwa bado zinajaza matumbo, kwa kuwa samaki waliobaki walikuwa wamekusanyika pamoja na meli zilijua pa kuwapata. Kilo zilidanganya. Urefu wa samaki ukianza kupungua mwezi hadi mwezi, mtajua mapema.

Mchuuzi wa Omena (Usenge)

Ninaongeza neno moja. Nahodha hatasema ukweli kuhusu alikovua ikiwa anaogopa kwamba daftari litampelekea askari. Mkutano wa ufuo ukubaliane kwanza kwamba safu hiyo haitatumika kumshtaki mtu, na maafisa waweke hilo kwa maandishi. Vinginevyo boti zote zitaandikwa kwamba zimevua Dunga, hapo hapo karibu na Kisumu.

Katibu wa Ufuo (Kisumu)

Nimelipokea, Mama. Nitaliweka kama ombi la kwanza kwa maafisa, kabla ya madai mengine, na nitaleta hapa rasimu ya safu mpya kabla haijachapishwa ili Afisa Mstaafu aikague.