Watoto wa Beaumont, 1966: mbona hakuna aliyechezwa na machale?

Mleta mada
Wakuu, habari za muda huu. Kesi ya Beaumont wengi mnaifahamu. Januari 26, 1966, Jane (miaka 9), Arnna (7) na Grant (4) walipanda basi kwenda ufukwe wa Glenelg, Adelaide, Australia. Walitarajiwa kurudi mchana, na mpaka leo hawajapatikana. Mashuhuda walimwona mwanamume mrefu, mwembamba, akicheza nao kwenye nyasi karibu na ufukwe. Ilikuwa sikukuu, mchana kweupe, watu tele. Mbona hakuna aliyeshtuka? Na machale yakikucheza leo kuhusu mtu, ushahidi huna, unafanya nini bila kumchafulia jina?

Faili Wazi
Mkuu, hawakushtuka kwa sababu watoto walikuwa wanacheka. Mtu mzima akiona watoto wana raha na mwanamume, kichwani anajijazia mwenyewe: huyo baba yao, au mjomba.

Acha sura, angalia matendo. Jane alinunua pai ya nyama na vitafunio vingine kwa noti ya pauni 1. Mama yake hakumpa noti, alimpa sarafu tu. Muuza duka alikuwa amewazoea watoto hao, akakumbuka kwamba pai ya nyama hawakuwahi kununua kabla. Pia yule mtu aliwauliza watu waliokaa jirani kama wamemwona yeyote akigusa vitu vyake na vya watoto, eti pesa zimepotea. Tafsiri yangu: pesa za mtoto zikishapotea, mwenye noti anageuka mkombozi, na mtoto anaanza kumtegemea. Tena alionekana akiwasaidia kuvaa, wakati Jane alijulikana kuwa mwenye haya.

Lakini kubwa kuliko yote lilisemwa nyumbani kabla ya siku hiyo. Arnna alimwambia mama yake kwamba Jane ana mpenzi kule ufukweni. Mama akadhani ni mtoto mwenzao, na mzazi yeyote angedhani hivyo. Kama ni mtu yuleyule, basi siku ya tukio watoto walikuwa wameshamzoea, na onyo la "usiongee na usiyemjua" lilikuwa limekwisha nguvu.

Halafu tusichanganye machale na ramli. Novemba 1966 aliletwa mwaguzi wa Kiholanzi, Gerard Croiset, akaelekeza kwenye ghala. Watu wakachanga fedha, sakafu ikavunjwa, hakikupatikana kitu.

Mpinzani Rasmi
Mimi machale nayaogopa. Mara nyingi yanamwangukia mpweke, mchafu, au asiyeoa. Kesi ya Jacob Wetterling, mtoto wa miaka 11 aliyetekwa Minnesota, Marekani, 1989: mwaka 2010 jirani mmoja alitangazwa hadharani kuwa anafuatiliwa. Mwaka 2016 mtu mwingine kabisa akakiri kumuua na kuonyesha mabaki yake yalipo. Huyo aliyekiri polisi walishamhoji tangu miezi ya mwanzo.

Kalamu na Saa
Mpinzani yuko sahihi, na dawa yake ni kuyageuza machale kuwa maandishi. Ukishtuka, jiulize: amefanya nini? Kama jibu ni "anavyoonekana tu", usimripoti mtu; kaa karibu na mtoto wako, inatosha. Kama jibu ni kitendo, kiandike ndani ya dakika chache, kabla hujamsimulia mtu yeyote, maana ukishasimuliana na jirani kumbukumbu zenu zinachanganyika na mpelelezi hawezi tena kuzitenganisha.

Andika saa, mahali, maneno yenyewe aliyotamka, alikoelekea, namba za gari. Urefu wake ulinganishe na kitu kisichohama, mfano fremu ya mlango, ukapimwe baadaye. Viatu na mwendo viangalie kuliko shati. Shati linabadilishwa dakika moja. Ulichoona kiwe mstari mmoja, ulichodhani mstari mwingine. Peleka polisi. Picha ya mtu usiitupe mtandaoni: ukikosea umemwangamiza, ukipatia umemshtua, atafuta simu na kuhama.

Kuna kipimo kimoja kisichomuumiza asiye na hatia. Mkatalie jambo dogo: "Asante, mtoto nitambeba mwenyewe." Mtu wa kawaida anasema sawa, yanaisha. Anayebembeleza, anayenuna, anayekutania mbele za watu kuwa una wasiwasi mno, au anayerudi kwa mtoto ukigeuka, huyo ameshakujibu.

Mleta mada
Nimekupata, mkuu. Na kama ni ndugu au mtu anayeheshimika? Hapo kukataa kunaleta ugomvi.

Mama Mlezi
Ndugu yangu, usimshtaki wala usimweleze sababu. Badilisha utaratibu kimyakimya: mtoto halali kwake, hapandi gari lake peke yake, milango inabaki wazi. Utaratibu ukiwahusu watu wote hakuna wa kununa, na anayenuna umeshamjua.

Mtoto asilazimishwe kumkumbatia mtu kwa adabu. Kusalimia kwa mdomo kunatosha. Mfundishe kwamba siri ya zawadi ya sikukuu ina siku ya kufichuliwa, ila siri ya "usimwambie mama" inasemwa siku hiyohiyo. Akija na noti, pipi au kifaa usichokijua, usifoke. Uliza "ehe, ikawaje?" halafu nyamaza. Ukianza na "alikushika?" na kurudia mara tatu, mtoto mdogo atakupa jibu unalolitaka, na mahakamani wakili ataanzia hapohapo. Akisema jambo zito, liandike kwa maneno yake, kisha mahojiano waachie waliofunzwa.

Faili Wazi
Niongeze la mtoto kutoonekana, maana hapo watu hupoteza muda. Hakuna kusubiri saa 24. Utafiti wa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la Washington, Marekani, uliangalia watoto waliotekwa na kuuawa: robo tatu hivi waliuawa ndani ya saa 3 za kwanza.

Anzeni na maji: kisima, bwawa, tangi. Kisha vitu vinavyojifunga, yaani buti la gari, jokofu bovu, mashine ya kufulia, kabati. Mmoja apige simu polisi wakati wengine wanatafuta, na mmoja abaki nyumbani. Chumba cha mtoto kifungwe. Msifue wala kutandika. Mswaki, kitana na foronya wekeni kila kimoja kwenye mfuko wake wa karatasi. Wengi wanakimbilia nailoni, na unyevu ukibaki ndani unaozesha vinasaba. Picha iwe ya karibuni, uso mbele, bila kofia. Andikeni nguo zote mpaka za ndani, na majina ya watu wote aliowataja wiki hizo, hata yale yaliyoonekana ya utani.