Siri ya mteja: mhasibu, wakili, mhandisi, daktari. Mwisho wake wapi?

MwalimuWaJioni: Wakuu, naandaa somo la maadili ya kazi. Karibu kila taaluma inasema "tunza siri ya mteja". Je, wote wanabanwa sawasawa?

Kizimbani: Hapana. Kwa wakili, tazama kwanza kama madhara yameshatokea au bado yanakuja. Mwaka 1973 huko New York, mawakili Frank Armani na Francis Belge waliambiwa na mteja wao ilipo miili ya aliowaua, wakanyamaza. Belge alishtakiwa, shtaka likafutwa. Kanuni za mfano za mawakili wa Marekani zinaruhusu kutoboa siri ili kuzuia kifo au majeraha makubwa ambayo kuna uhakika wa kutosha kuwa yatatokea. Zinaruhusu tu, hazilazimishi.

Debiti: Wahasibu tuna utaratibu wa IESBA (bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu) wa kufuata ukigundua uvunjaji wa sheria, ulioanza 15 Julai 2017: sasa ni kifungu 260 kwa walioajiriwa, 360 kwa wanaohudumia wateja, wakiwemo wakaguzi. Elewa jambo lenyewe, mweleze bosi wa ngazi ya juu ya mhusika, kisha bodi ya kampuni, ndipo upime kwenda kwa mamlaka. Kila hatua iandike. Wengi huharibu mwanzoni kabisa: wanamtumia meneja wa fedha imeili ya maswali, kumbe mshukiwa ni yeye. Kama kuna utakasishaji fedha, huko ni kumtonya, na sheria za nchi nyingi zinaweza kukuhesabia kosa la jinai.

Nondo16: Kwa mhandisi, usalama wa umma unatangulia siri. Jengo la Citicorp, New York, 1978: viungo vya chuma vilifungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa, na kwa hesabu za wakati huo, upepo unaopiga kwenye pembe ulizidisha mzigo juu yake. Mhandisi wake, William LeMessurier, aliwaambia wenye jengo na jiji, mabamba yakachomelewa usiku. Umma haukujua mpaka 1995. Wengine humsifu, mimi naona alifanya nusu ya wajibu.

@Kizimbani, hiyo "ruhusa" yenu ni nyepesi mno.

Wodi_B: Tabibu wa akili anabanwa zaidi ya wakili. Kesi ya Tarasoff, California, 1976: mgonjwa akitishia kumuua mtu anayejulikana, tabibu ana wajibu wa kumlinda mlengwa, na kuita polisi peke yake huenda kusitoshe. Si majimbo yote yaliyofuata hivyo. Kwenye faili andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema, nani alipigiwa simu, na saa ngapi.