Ovataimu kwa mafundi wa kusuka mota: saa moja inahesabiwaje?

FundiKoili_Gofu
Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Karakana ya kusuka mota (kufunga upya koili za waya ndani yake), hapa Tanga. Mshahara wa msingi 390,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki, mapumziko Jumapili. Mwezi huu kuna saa 12 za ziada, nne kati ya hizo baada ya saa 2 usiku, na Jumapili moja ya saa 8. Slipu inasema: ovataimu 20 x 1,625 = 32,500. Ni sawa? Pia bosi anataka mwezi ujao tulipwe kwa kila mota. Ovataimu itakuwepo?

Mhasibu_Pongwe
Si sawa, mkuu. Hiyo 1,625 ni 390,000 kugawa kwa 240, yaani siku 30 mara saa 8. Siku za mapumziko zimehesabiwa kama za kazi, halafu nyongeza haikuwekwa kabisa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. 4.333 x 45 ni kama 195, kwa hiyo saa yako ni 2,000.

Saa ya ziada ni mara 1.5: 3,000 x 12 = 36,000. Usiku, saa 2 hadi saa 12 asubuhi, una nyongeza ya 5%, na kwa kuwa saa hizo ni za ziada, asilimia inatoka kwenye 3,000: 150 x 4 = 600. Siku ya mapumziko ni mara mbili: 4,000 x 8 = 32,000. Jumla 68,600. Umepunjwa 36,100.

FundiKoili_Gofu
Shukrani sana mkuu. Na malipo ya kwa mota?

Stata_Chuda
Ovataimu haifi. Anayelipwa kwa kazi hukadiriwa kwa wastani wa wiki 13 zilizopita, kisha unagawa kwa saa. Kwa hiyo daftari la kuingia na kutoka liendelee, maana bila saa huna cha kudai.

Bei isiwe moja kwa mota zote. Ipangwe kwa kilowati na idadi ya sloti (mifereji ya kulazia koili), na kung'oa koili zilizoungua kuwe na bei yake, kwa sababu hapo ndipo saa zinapopotelea.

Hatari kubwa ni mota inayorudi imeungua, fundi akakatwa. Kabla haijatoka pima insulesheni kwa mega (kipimo cha insulesheni) ya volti 500, andika usomaji, mteja asaini. Ikirudi, ifungue mbele ya msimamizi na upige picha koili. Mota ya fezi tatu iliyoungwa kwa sta (koili zinakutana sehemu moja) ikiwa fezi mbili zimeungua na ya tatu bado inang'aa, au ya delta (koili zimeungwa pembetatu) imeungua fezi moja tu, fezi ilikatika kwa mteja. Kosa hilo si la msukaji, asilipie.

Mhasibu_Pongwe
Naongezea: kukatwa kwa uharibifu kunataka kosa liwe lako, uandikiwe na upewe nafasi ya kujitetea, ukubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Hiyo 36,100 idai kwa barua kwanza. Wakikataa, jaza fomu namba 1 ya CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) ndani ya siku 60, na uambatanishe slipu na nakala ya daftari la saa.